Goti Linalouma Halitaki Kitanda

Alfajiri, kule Gazi, mama yangu mkubwa hainuki kwa pupa. Hukaa kwanza ukingoni mwa kitanda, akaunyoosha mguu wa kulia, akaukunja, akaunyoosha tena, huku midomo ikisoma nyiradi. Goti likishalainika ndipo huenda kutawadha. Kuna wakati hata hilo alikuwa ameliacha. Alipikiwa, aliletewa maji ya kuoga mlangoni, alishinda kwenye mkeka, na sisi wanawe tukajiona tunamtunza. "Pumzika, mama" ndiyo iliyokuwa dawa yetu. Tulikosea. Kila mwezi goti lilizidi kukakamaa.

Kwale ukimuuliza mzee anaumwa na nini atakwambia ni baridi yabisi, na jina hilo moja hubeba maradhi mengi. Yanayowapata wazee wengi zaidi ni ya kuchakaa kwa gegedu, ule utando mgumu unaoteleza kwenye ncha za mifupa. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka kwenye ute ulio ndani ya kiungo, na ute huo huingia pale kiungo kinapobanwa na kuachiwa. Ni kama nazi iliyokunwa: ukiikamua hutoa tui, ukiitia maji hunywa, ukaikamua tena. Mtu asiyetembea hulinyima gegedu chakula. Misuli ya paja nayo hunywea, na misuli hiyo ndiyo inayolibebea goti mzigo. Ndiyo maana anayelala kwa kuogopa maumivu huamka na maumivu makubwa zaidi.

Pwani yetu ina sababu nyingine ambayo wengi huisahau. Mwaka 1952 na 1953, upande wa Newala kusini mwa Tanganyika, uliingia ugonjwa wa homa uliowapinda watu viungo. Wamakonde wakauita chikungunya, yaani kile kinachokunja, na dunia nzima ikalichukua jina hilo. Mwaka 2004 ulipiga Lamu, na vipimo vya damu vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba karibu watu 75 katika kila 100 walikuwa wameambukizwa. Ulirudi Mombasa mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, na watafiti wamevikuta virusi vyake hata huku Ukunda na Msambweni. Homa huisha kwa siku chache, lakini viungo vinaweza kuuma kwa miezi, wengine kwa miaka, hasa waliokwisha kula chumvi nyingi. Mbu wake huuma mchana na huzaa kwenye maji kidogo tu yaliyotuama: ndoo, tairi kuukuu, vifuu vya nazi vilivyotupwa nyuma ya jiko. Kuvifunika au kuvimwaga ni kinga ya magoti ya nyumba nzima, na hakugharimu hata shilingi.

Sasa mwendo wenyewe. Kwa mama mkubwa tulianza na kiti. Kiti imara, cha juu kidogo, kilichoegemezwa ukutani: anainuka na kukaa mara 5 bila kusukuma kwa mikono, anapumzika, anarudia. Baada ya wiki kadhaa ikawa mara 10. Halafu matembezi mafupi jua likishapoa. Bakora aliishika mkono wa kulia, upande wa goti bovu, kama wanavyofanya wengi. Inapaswa kushikwa mkono wa pili, wa kushoto, ili ipokee uzito pale mguu mbovu unapokanyaga. Kwa jambo dogo hilo tu, kuchechemea kwake kulipungua siku ileile. Mbuzi ya kukunia nazi tukawaachia wajukuu, maana kukaa chini vile, goti limekunjwa mpaka mwisho, ni kulitesa bure.

Lakini lililonigusa zaidi ni bahari. Ukanda wa Diani, Galu hadi Kinondo umekingwa na mwamba wa matumbawe, kwa hiyo wakati wa kaskazi maji ya ndani ya mwamba hutulia kama birika. Maji yakikufika kiunoni hubeba karibu nusu ya uzito wako. Mzee asiyeweza kutembea nyumba tatu barabarani anaweza kutembea robo saa majini bila kuugulia maumivu. Avae viatu vya mpira, aende na mwenzake, na achague maji yanayojaa taratibu, si yanayovuta kurudi. Wapo wazee wa Ukunda walioniambia ufuo ni wa wageni wa hoteli. Si kweli. Katiba ya 2010, Ibara ya 62, inaitaja ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Hiyo ni bahari yao.

Unene nao una hesabu yake: kila kilo 1 unayopunguza huliondolea goti mzigo wa karibu kilo 4 katika kila hatua. Tangawizi na manjano ni vizuri katika chakula, na tafiti ndogo zimeona nafuu kidogo kwa manjano, ila usitarajie kikombe cha chai kirudishe gegedu. Kukandwa kwa kitambaa cha maji moto na mafuta ya nazi hulegeza misuli. Kandwa, kisha utembee.

Vidonge ndivyo vinavyonitia hofu. Mama mkubwa aliwahi kuuziwa dawa za maumivu katika duka moja bila kuulizwa kama ana presha. Alizimeza miezi mitatu, presha ikapanda, tumbo likaanza kumchoma. Dawa za namna ya diklofenaki zikitumiwa kila siku huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo, na mzee ndiye aliye hatarini zaidi.

Yapo pia yasiyongoja mazoezi. Kiungo kilichovimba, chenye moto, kikaambatana na homa, ni cha kukimbizwa hospitalini siku hiyohiyo. Vidole vya mikono yote miwili vinavyokakamaa zaidi ya saa nzima kila asubuhi, au kidole gumba cha mguu kinachowaka ghafla usiku kwa jongo, vinahitaji daktari na dawa zake maalumu. Kwa maumivu ya kawaida ya goti na nyonga, ukifika hospitali ya Msambweni, omba kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kuomba sindano.

Na kesho asubuhi, mzazi wako akikwambia goti linamuuma, usimtandikie mkeka. Mpe mkono, utembee naye mpaka kisimani na kurudi.