Tusi Mashine Italisikia, Fumbo Litaipita
Kituo cha redio chenye nyimbo 10,000 kwenye kompyuta yake hakiwezi kumkalisha mtu azisikilize zote: kwa dakika nne kila wimbo, hizo ni zaidi ya siku 80 za kazi ya saa nane. Ndiyo maana kuiachia programu ichuje matusi kunavutia, na sehemu ya kazi hiyo inaiweza kweli. Hatua rahisi ni kusoma alama ya onyo la lugha chafu iliyowekwa kwenye wimbo, desturi iliyoanzia Marekani pale kampuni za muziki zilipokubali, mwaka 1985, kuwatahadharisha wazazi. Lakini kwenye taarifa za Spotify, wimbo usio na alama hiyo una maana mbili: ama hauna matusi, ama haijulikani. Anayeuchukulia kuwa safi amejijibu mwenyewe.

Hatua ya pili ni kugeuza sauti kuwa maandishi, kisha kuyalinganisha na orodha ya maneno machafu. Besi hufunika maneno na mwimbaji huvuta irabu, kwa hiyo makosa ni mengi. Lakini hata maandishi yakitoka sahihi, shida haijaisha. Novemba 2018, Baraza la Sanaa la Taifa la Tanzania (BASATA) liliufungia wimbo “Mwanza” wa wasanii Rayvanny na Diamond Platnumz. Utata ulikuwa kwenye jina Nyegezi, eneo halisi la jiji la Mwanza, lenye stendi ya mabasi. Programu inayotafuta neno zima ingelipitisha jina hilo. Inayotafuta kipande cha neno ingelikamata, pamoja na kila wimbo unaomtaja abiria aliyeshukia Nyegezi. Mapema mwaka huohuo msanii Roma Mkatoliki alifungiwa miezi sita kwa ajili ya “Kibamia”, na sijui ni orodha gani itakayoiweka mboga hiyo kwenye matusi. Taarabu nayo, tusisahau, imeishi kwa mafumbo miaka yote.

Itasemwa kwamba akili mnemba ya sasa huelewa muktadha. Huelewa ule ulioandikwa sana. Fumbo jipya la mtaani lina nguvu kwa sababu halijaandikwa popote. Itasemwa pia kwamba masikio ya watu yana upendeleo, na ni kweli: anachokikataa mhariri mmoja, mwenzake anakipiga asubuhi. Tofauti ni kwamba mhariri anaweza kuulizwa sababu. Kwa hiyo programu ipange foleni tu, hukumu ibaki kwa mtu. Nyimbo zenye alama zitafutiwe toleo la redioni; zilizonaswa na orodha zisikilizwe kwanza; zile ambazo maandishi yake yametoka ovyo zihesabiwe kuwa hazijakaguliwa. Tusi likienda hewani, wasikilizaji watapiga simu na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) inaweza kutoa adhabu. Wimbo safi uliozuiwa haupigiwi simu na yeyote, na msanii wake hatajua. Kosa hilo la pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, maana hujirudia bila kuonekana. Tiba yake ni ndogo: kila mara programu inapouzuia wimbo, iandike neno lililosababisha na sekunde linaposikika, ili mhariri aende moja kwa moja hapo, asikilize ubeti mmoja, na aweke jina lake kwenye uamuzi.