Wiki Ambazo Mama Bado Hajui

"Mwezi wa mwisho uliuona lini?" Ndilo swali ambalo mjamzito anayekwenda CPN, kliniki ya wajawazito, hawezi kulikwepa, awe Mulungwishi, Likasi au Lubumbashi huko Katanga, na jibu lake huanzisha hesabu ya ajabu. Mimba huhesabiwa tangu siku ile ya damu, wakati haijatungwa bado. Yai hupevuka yapata wiki mbili baadaye. Mama anayeambiwa ana wiki nne, kilichomo tumboni kina wiki mbili tu.

Lakini hizo mbili zina shughuli. Yai lililorutubishwa husafiri mrijani huku likigawanyika, na kwa kawaida kati ya siku ya 6 na ya 10 tangu kutungwa hujipachika kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Wengine huona tone la damu wakadhani mwezi umewahi. (Damu inayoambatana na maumivu makali upande mmoja ni jambo jingine: huenda mimba imetunga nje ya mfuko, na hapo ni hospitali mara moja.) Yai likishajipachika ndipo homoni ya hCG inapoanza kupanda, ikiongezeka maradufu kila siku mbili au tatu, hadi kijiti cha mkojo kiweze kuinasa. Zamani kijiti hicho kilikuwa chura: kuanzia miaka ya 1930 maabara za Ulaya ziliagiza vyura wa Afrika Kusini, zikamdunga jike mkojo wa mama. Akitaga mayai, mimba ipo.

Katika dalili, uchovu na matiti kuuma hutangulia. Kichefuchefu hufuata karibu wiki ya 6, hata harufu ya bukari (ugali) inayosongwa ikawa adhabu. Mwaka 2023 watafiti walieleza katika jarida la Nature kwamba homoni iitwayo GDF15, inayotoka hasa kwa mtoto na kondo, ndiyo chanzo kikubwa. Aliyekuwa nayo kidogo kabla ya mimba huumia zaidi. Anayesema mkwe wake anadeka ajue hilo.

Linalonishughulisha mimi ni mrija wa neva, utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo. Hufunga kabla ya siku ya 28 tangu kutungwa. Aliyegundua leo kwamba mwezi umekosekana amebakiwa na wiki mbili hivi, na mrija usipofunga, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Kwa hiyo mikrogramu 400 za asidi ya foliki kwa siku hutakiwa kabla ya mimba. Lengalenga, matembele na maharagwe huongezea, ila maji yaliyochemshia majani huondoka na sehemu yake. Dawa ya SP ya kuzuia malaria nayo hupingana na foliki, ndiyo maana husubiri miezi mitatu ya kwanza ipite. Anayetibiwa malaria aseme mapema kwamba huenda ana mimba.

Katanga kuna hatari nyingine tena. Mulungwishi iko njiani kati ya Likasi na Kolwezi, njia ya malori ya shaba na kobalti. Mwaka 2009 timu ya Célestin Banza na Benoit Nemery ilionyesha kwamba waishio karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mno katika mkojo. Pemba nayo, udongo ule ambao wajawazito hupenda kuutafuna, hunyima mwili chuma na unaweza kubeba risasi. Kisha mwaka 2020 ukaja utafiti wa Lubumbashi uliolinganisha watoto 138 waliozaliwa na kasoro na 108 wasio nazo. Hatari ilikuwa kubwa zaidi pale baba alipofanya kazi ya madini, mara tano na nusu hivi. Uhusiano si uthibitisho wa chanzo, na idadi ni ndogo. Hata hivyo vumbi la mgodini hurudi nyumbani jioni katika suruali ya baba, na mke huifua kwa mikono katika wiki zilezile ambazo hajajua kama ana mimba.