Kirusi Ndani ya Kipindupindu

Mwanzoni mwa mwaka 1859 msafiri Mwingereza Richard Burton alifika Kilwa na kuukuta mji umekumbwa na kipindupindu. Aliandika kwamba maiti za maskini ziliburutwa mchangani na kutupwa baharini maji yalipokupwa.

Leo tunajua kwamba bakteria wa kipindupindu hauwi peke yake. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani, Matthew Waldor na John Mekalanos, walionyesha kuwa sumu inayomkausha mgonjwa maji imo katika vinasaba vya kirusi kinachoambukiza bakteria, aina ya bakteriofaji. Kirusi hicho hujishikiza kwenye vinyweleo ambavyo bakteria huota awapo utumboni, kisha huingia na kukaa humo kama mpangaji. Bakteria asiye na madhara makubwa huweza hivyo kugeuka muuaji ndani ya tumbo la mtu.

Vipo virusi vingine visivyo na subira: huingia, huzaliana na kumpasua mwenyeji wao. Ili kujua kirusi kipi kimemwingia bakteria gani, wataalamu hutumia kemikali kuviunganisha vinasaba vilivyomo katika seli moja kabla ya kuivunja, kisha huvisoma pamoja. Ni kama kuwakamata mwizi na mwenye nyumba chini ya paa moja.

Haya si mambo ya maabara tu. Uchunguzi uliofanywa Bangladesh umeonyesha kwamba kipimo cha haraka cha kipindupindu huweza kukosea pale virusi hivyo vipasuavyo bakteria vinapokuwamo kinyesini. Mgonjwa anaumwa kweli, lakini kipimo kinasema hana. Kwa hiyo, ndugu mhudumu wa zahanati, mtazame mgonjwa kwanza: choo kama maji yaliyooshea mchele, macho yaliyodidimia, ngozi ya tumbo isiyorudi upesi ikifinywa. Anza kumrudishia maji, peleka sampuli ikaoteshwe maabara, na utoe taarifa siku hiyo hiyo.

Nawe uliye Songosongo au Kisiwani, usingoje chombo kivuke ndipo uanze tiba. Kama hakuna pakiti ya ORS, koroga vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta, katika lita 1 ya maji safi. Mgonjwa anywe kidogo kidogo njia nzima, na mtoto anyonyaye aendelee kunyonya.