Namba 4,294,967,297 na kosa la Fermat

Anza na 3. Toa 1, kinachobaki ukizidishe kwa chenyewe, kisha rudisha ile 1: unapata 5. Rudia, upate 17, halafu 257, halafu 65,537. Zote tano ni namba tasa, hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Rudia tena na utafika 4,294,967,297, ambayo ni 2³² + 1.

Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kwamba hiyo nayo ni tasa, na kwamba zote zinazofuata ni tasa. Alikiri kuwa hana uthibitisho. Tusimlaumu sana: kama kweli ingekuwa tasa, kuihakiki kwa kujaribu namba tasa moja baada ya nyingine kungedai migawanyo zaidi ya elfu sita, yote kwa mkono.

Leonhard Euler, Mswisi aliyefanya kazi St. Petersburg, alimaliza ubishi mwaka 1732: 641 × 6,700,417. Baadaye alithibitisha pia kwamba namba tasa yoyote inayoigawa namba hii, yenyewe ikigawanywa kwa 64, lazima ibakize 1. Sharti hilo linafyeka karibu zote. Za mwanzo zinazosalia ni 193, 257, 449 na 577. Ya tano ni 641 yenyewe.

Ila kinachonivutia zaidi ni kwamba unaweza kuona 641 inaigawa bila kugawa chochote. Angalia: 641 ni 625 + 16, na pia ni 640 + 1. Kwa kuwa 16 ni 641 − 625, na 2³² ni 16 × 2²⁸, basi 2³² ni 641 × 2²⁸ ukitoa 625 × 2²⁸. Hiyo sehemu ya kutolewa ni 640⁴ kamili, maana 640 ni 5 × 2⁷. Sasa, mbele ya 641, namba 640 ni sawa na −1, kwani imepungua moja tu. Na −1 ikizidishwa yenyewe mara nne huwa 1. Kwa hiyo 2³² imepungukiwa na 1 ili igawanyike kwa 641. Ongeza hiyo 1, baki linakuwa sifuri.

Hadi leo hakuna namba tasa ya sita ya jamii hii iliyopatikana. Zile tano, hata hivyo, zilipata kazi nyingine mwaka 1796, pale Carl Friedrich Gauss, kijana wa miaka 18, alipogundua kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari pekee. Zizidishe zote tano pamoja na utapata 4,294,967,295, pungufu ya namba yetu kwa 2 tu. Umbo lenye pande sawa idadi hiyo nalo linachorika, kinadharia (jicho lingeona duara tu), na hatujui lingine la pande witiri nyingi zaidi linalochorika kwa vifaa hivyo viwili.