Kampene: Mafuta ya mawese si dawa ya mashine ya kuvulia samaki

KAMPENE (Maniema) – Mashine ndogo ya kukunja uzi wa ndoana mara nyingi haifii mtoni. Inafia nyumbani. Inatundikwa ukutani ikiwa bado na maji na mchanga ndani, au mwenyewe anaitia mafuta ya jikoni akidhani anaiponya. Miezi michache baadaye haizunguki tena, na fundi wa kuitengeneza hayupo karibu.

Mashine hiyo, ambayo waliosoma Kifaransa huiita moulinet, si chombo cha kila mvuvi katika teritware ya Pangi. Kwenye mito ya Maniema, kazi kubwa ya uvuvi inafanywa kwa nyavu, kwa migono na kwa ndoana zilizofungwa kwenye uzi wa nailoni unaovutwa kwa mkono. Lakini kwa yule aliyefaulu kupata fimbo yenye mashine ya uzi, iwe mpya au ya mtumba, hiyo ni mali. Inamwezesha kutupa ndoana mbali akiwa amesimama ukingoni, bila mtumbwi na bila msaidizi.

Shida inaanza siku inapoharibika. Kampene ni mji wa dhahabu na kasiteriti, na bidhaa zake nyingi zinafika kwa pikipiki na kwa kinga, kwa barabara ambayo mvua huigeuza matope. Mizigo hiyo ni chumvi, sabuni, nguo, dawa na vyombo vya machimbo. Kupata humo kigurudumu kimoja chenye meno cha mashine ya samaki si jambo la kutegemea. Ndiyo maana matunzo ya nyumbani, yanayochukua nusu saa tu, yana thamani kubwa zaidi hapa kuliko katika mji wenye maduka ya vipuri.

Adui ni mchanga

Kwa wavuvi wa pwani ya Kenya na Tanzania, adui mkubwa wa mashine ya uzi ni chumvi ya bahari, inayokula chuma kwa muda mfupi. Mito ya Maniema haina chumvi. Ina mchanga na matope.

Mto Elila, kwa mfano, unateremka kutoka milima ya Itombwe, katika Kivu ya Kusini, hadi kuingia Lualaba. Njiani unabeba udongo, na mvua ikinyesha maji yanakuwa mekundu. Pale ambapo wachimbaji wanaosha mchanga wa dhahabu kwenye vijito, maji yanachafuka hata bila mvua. Punje hizo ndogo zinapanda na uzi uliolowa, zinaingia kwenye bobini, kisha zinateremka hadi kwenye magurudumu yenye meno. Zikichanganyika na mafuta ya zamani zinakuwa kama msasa: kila mara mvuvi anapozungusha mkono wa mashine, anasaga meno yake mwenyewe.

Dalili ya kwanza ni sauti. Mashine iliyo nzima inazunguka karibu kimya. Ikianza kukwaruza, au mkono ukiwa mzito mahali pamoja na mwepesi mahali pengine, mchanga umeshaingia. Kuendelea kuvua nayo ni kuimaliza.

Sehemu inayouma zaidi ikikwama ni freni. Freni ndiyo inayoachia uzi kidogo kidogo samaki mkubwa anapovuta, ili uzi usikatike. Lualaba ina mbenga, samaki mwenye meno makali ambaye wataalamu wanamwita Hydrocynus goliath, na anayeweza kupita kilo 50. Hata mbenga mdogo, akivuta kwa ghafla wakati freni imeshikana kwa kutu, anakata uzi na kuondoka na ndoana. Hapo mvuvi anapoteza samaki, ndoana na uzi kwa mara moja, na watoto wanalala na sombe tupu.

Kwa nini mawese hayafai

Karibu kila jiko la Maniema lina mawese. Yanapatikana, yanateleza vidoleni, na bei yake inajulikana. Kwa hiyo ni rahisi kufikiri kwamba yanafaa pia kwa mashine. Lakini tabia ya mafuta hayo ni tofauti kabisa na inavyohitajika.

Kwanza, mawese hayayeyuki kabisa mpaka joto lifike kiasi cha nyuzi 35. Mama yeyote anajua kwamba asubuhi ya baridi mafuta yanaganda ndani ya chupa. Yanaganda vivyo hivyo ndani ya mashine, na alfajiri ndiyo saa ambayo wavuvi wengi wapo mtoni.

Pili, mafuta yanayotoka kwenye mimea yanabadilika yakikaa katika hewa. Yanakuwa mazito, kisha yanakuwa gundi. Sufuria iliyoachwa na mafuta siku nyingi bila kuoshwa inaonyesha jambo hilo wazi: ule utando wa kahawia unaokataa kutoka kwa maji ndio unaojengeka kwenye meno ya mashine. Gundi hiyo inashika vumbi na mchanga, na harufu yake inaita sisimizi na mende.

Mafuta ya karanga na ya alizeti yana ubaya huo huo. Vaselini ya kujipaka haigeuki gundi, lakini inayeyuka upesi juani na kukimbia mahali ilipopakwa.

Mafuta machafu yaliyotolewa kwenye injini ya pikipiki, yanayoitwa vidanji, ni kishawishi kingine kwa sababu yanapatikana bure. Weusi wake unatokana na masizi, na ndani yake mna vumbi la chuma lililosagwa na injini. Kuyatia kwenye magurudumu madogo ni kurudisha uchafu ule ule ambao mtu alitaka kuutoa. Tena yanaumiza ngozi ya anayeyashika mara kwa mara.

Jibu liko kwa fundi wa nguo

Mafuta mazuri hayako mbali. Fundi wa nguo sokoni anatumia mafuta mepesi ya mashine ya kushona, meupe kama maji, kwa sababu hayagandi wala hayageuki gundi. Hayo hayo yanafaa kwa mashine ya uzi. Chupa ndogo inaweza kumtosha mvuvi kwa muda mrefu, maana kinachohitajika ni tone moja moja.

Kwa magurudumu yenye meno, ambayo yanabeba uzito, inahitajika grese. Mafundi wa pikipiki na wa kinga wanayo. Iwe safi, kutoka kwenye kopo lililofunikwa, si ile iliyofutwa kutoka kwenye ekseli ya zamani.

Kwamba fundi wa kinga na mvuvi watumie grese moja si ajabu. Kampuni ya Shimano ya Japani, moja ya zinazojulikana zaidi duniani kwa mashine za uzi, ilianzishwa mwaka 1921 katika mji wa Sakai ikitengeneza vipuri vya baiskeli. Ilianza kutengeneza vyombo vya uvuvi mwaka 1970. Meno ya chuma, vitufe vya kuzungukia na mafuta ya kuvilinda: ufundi ni ule ule.

Kila siku, na kila miezi michache

Matunzo ni ya aina mbili. Ya kwanza ni ya kila unaporudi kutoka mtoni, na inachukua dakika tano:

1. Kaza freni kabisa, ili maji yasiingie kwenye vibati vyake.
2. Mwagia mashine maji safi kidogo kwa mkono, au ifute kwa kitambaa kilicholowa. Usiizamishe ndani ya ndoo, kwa sababu mchanga ulio nje utasukumwa ndani.
3. Ifute kwa kitambaa kikavu, kisha legeza freni. Freni inayoachwa imekazwa usiku kucha inabana vibati vyake mpaka visifanye kazi vizuri.
4. Itundike kivulini, mahali penye hewa. Jua kali linadhoofisha uzi wa nailoni, na moshi wa jikoni unaacha masizi.

Ya pili ni usafi wa ndani, kila baada ya miezi michache au mara sauti ya mchanga inaposikika. Tandika kitambaa cheupe juu ya meza. Toa bobini, toa mkono, kisha fungua visi za kifuniko kwa turnevisi inayolingana nazo. Panga kila kipande kwenye mstari kwa jinsi kilivyotoka. Mwenye simu apige picha kila hatua. Picha hizo ndizo zitakazomwongoza wakati wa kurudisha.

Futa grese ya zamani kwa kijiti na kitambaa. Vipande vya chuma vinaweza kusuguliwa kwa mswaki wa zamani uliochovywa kwenye petroli ya taa, kidogo tu. Vipande vya plastiki vioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Esansi isitumike: inaharibu plastiki, na mvuke wake unashika moto hata kama moto uko hatua kadhaa. Kisha kila kitu kikauke kabisa, maana tone moja la maji lililofungiwa ndani linatosha kuanzisha kutu.

Wakati wa kurudisha, paka grese nyembamba kwenye meno ya magurudumu, kiasi cha kuyafunika tu. Mafuta mepesi yanakwenda sehemu nne: kwenye kigurudumu kidogo kinachopitisha uzi, kwenye maungio ya waya unaoongoza uzi, kwenye kishikio cha mkono, na kwenye mhimili ambao bobini inakaa juu yake. Tone moja kila mahali, kisha zungusha, kisha futa linalozidi.

Kuna sehemu mbili za kuogopa. Mafuta mepesi yakiingia kwenye vibati vya freni, freni inateleza na samaki anakwenda na uzi wote. Grese ikiingia kwenye kile kipande kinachozuia mkono usirudi nyuma, mkono unaweza kuzunguka kinyume kwa ghafla na kugonga vidole. Asiyekuwa na hakika ya sehemu hizo aziache kama zilivyo.

Hatari ndani ya nyumba

Kazi hii ifanywe nje, mchana, mbali na mbabula yenye makala. Kitambaa chenye petroli kisitupwe karibu na moto.

Hatari kubwa zaidi ni ya watoto. Petroli ya taa ikiwekwa ndani ya chupa ya maji au ya limonadi, mtoto mwenye kiu anainywa. Inaweza kuingia kwenye mapafu na kumuua. Mtoto aliyeinywa asilazimishwe kutapika, kwa sababu kutapika kunaipeleka kwenye mapafu; apelekwe mara moja kwenye kituo cha afya. Kinga ni rahisi: chupa iwe na alama, ifungwe, iwekwe juu.

Petroli na grese zilizotumika zisimwagwe kwenye kijito. Maji hayo ndiyo yanayolea samaki, na familia nyingi zinayachota kwa matumizi ya nyumbani.

Wakati mzuri wa usafi wa ndani ni siku za mvua kubwa, mto unapojaa na maji kuwa mazito hata ndoana haionekani. Siku hizo hakuna anayepoteza kitu kwa kukaa nyumbani na meza, kitambaa cheupe na chupa ndogo ya mafuta ya fundi wa nguo. Maji yakishuka, mashine iko tayari, na mawese yamebaki jikoni yakimngoja samaki.