Safari Rally: Gari la zamani lilivuka mipaka mitatu, la sasa linashinda kwa kasi

Kabla ya soko la pamoja, na kabla ya vituo vya pamoja vya forodha pale Namanga na Malaba, kulikuwa na magari yaliyovuka nchi tatu kwa siku chache na kurudi yamefunikwa tope hadi kwenye vioo. Yalikuwa magari ya mashindano yaliyoanza mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye mashindano hayo yakajulikana kama East African Safari, na watu walijipanga kando ya barabara kila Pasaka kuyatazama.

Katika miaka ya mwanzo magari hayo hayakutengenezwa kwa ajili ya mbio. Yalikuwa yaleyale yaliyouzwa dukani, na makundi ya ushindani yalipangwa kwa bei. Mfanyabiashara aliyekuwa akitafuta gari la kazi aliyafuatilia kama anavyofuatilia bei ya mahindi leo: lililostahimili Safari lingeweza kustahimili mizigo yake.

Mwaka 1963 magari 84 yalianza safari, yakamaliza 7 tu. La kwanza lilikuwa Peugeot 404, gari la familia lenye injini ya lita 1.6 ambayo haikufika nguvu farasi 100. Aina hiyo ilishinda tena mwaka 1966, 1967 na 1968. Mdogo wake, Peugeot 504, alishinda mwaka 1975 na 1978. Si ajabu kwamba 504 ikawa teksi ya masafa marefu na pikapu ya mizigo katika miji mingi ya kanda hii. Pale Kenya iliunganishwa humuhumu nchini.

Wajapani nao walikuja kuonyesha bidhaa zao. Datsun 240Z, yenye injini ya lita 2.4 na silinda sita, ilishinda mwaka 1971 na 1973. Ushindi wa 1973 ulikwenda kwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye baada ya maelfu ya kilomita alilingana pointi na Harry Källström, naye akiwa kwenye Datsun. Mehta alipewa ushindi kwa sababu alikwenda mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kupoteza pointi. Alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982.

Lakini kufikia wakati huo njia ilikuwa imekatika. Katikati ya miaka ya 1970 maneno "Afrika Mashariki" yaliondoka kwenye jina la mashindano, na magari yakabaki kuzunguka Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ilivunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Kilichoyapata magari ya mbio ndicho kilichompata mwenye lori la vitunguu.

Injini ileile, nguvu tofauti

Safari Rally iliondoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi mwaka 2021 na kuweka kambi Naivasha. Gari linalotamba sasa ni Toyota Yaris. Injini yake ya mbio ni ya lita 1.6, sawa na ile ya Peugeot 404. Tofauti ni kwamba ina tabo na kompyuta, na kati ya 2022 na 2024, ikisaidiwa na mota ya umeme, ilitoa zaidi ya nguvu farasi 500. Dereva wa leo pia analindwa na fremu ya chuma na mikanda ambayo wazee wale hawakuwa nayo.

Hata hivyo, sehemu za kushindania muda sasa hazifiki kilomita 400 kwa jumla, wakati mbio za zamani zilikuwa za maelfu ya kilomita, usiku na mchana. Gari la sasa hurudi kambini kwa mafundi wake kwa dakika zilizohesabiwa. La zamani lilifunguliwa popote lilipolala, kwa spana na nyundo.

Hapo ndipo somo la mfanyabiashara lilipo. Injini ndogo yenye tabo inaokoa mafuta na ina nguvu, lakini sensa moja ikifa katikati ya Kabale na Mbarara, fundi wa kando ya barabara asiye na mashine ya kusoma kompyuta hawezi kitu. Gari la kabureta linakunywa mafuta zaidi, lakini fundi huyohuyo atalifufua kabla ya jua kuzama.

Kurudi kwenye gari kuukuu nako kuna mipaka yake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8. Uganda tangu 2018 imekataza yaliyofikisha miaka 15 au zaidi. Tanzania haikatazi, lakini gari la zaidi ya miaka 8 hutozwa ushuru wa ziada kwa uchakavu. Maana yake, gari la miaka 10 linaloingia Uganda kihalali halina njia ya kuingizwa Kenya likasajiliwe huko. Anayenunua akitegemea kuja kuliuza ng'ambo ya mpaka anaweza kubaki nalo mkononi.

Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, mnunuzi ana maswali matatu: limetengenezwa mwaka gani, nchi atakayoliuza inakubali umri gani, na katika njia anayopita kila wiki, ni nani anayeweza kulifungua likiharibika. Mwaka 1963 jibu la swali la mwisho lilipatikana barabarani, kwa kuhesabu magari saba yaliyorudi.