Cheo ni Zamu ya Ngoma

Dunia ni uwanja wa ngoma, na kila mtu ana zamu yake ya kucheza. Jambo hili laonekana wazi huko Bujora, karibu na Mwanza, katika sikukuu ya Bulabo. Hapo Bagika na Bagalu hushindana, kila upande na manju wake. Hakimu ni umati: upande unaovuta watu wengi ndio unaoshinda.

Katika bugobogobo wachezaji hushika majembe. Jembe hilo si pambo. Ngoma hiyo ilizaliwa shambani, ikiwatia wakulima nguvu ya kulima pamoja.

Ndugu viongozi na wafanyakazi, twakumbushana kwamba cheo ni dhamana. Mwenye kulisifu jembe uwanjani, kisha akalikimbia shambani, umati humhama. Naye hubaki akiimba peke yake.